Kinga Bila Mtu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya rangi ya barabara ilikuwa siku ya mvua, na siku ya mvua hakuna rangi. Tulikaa chini ya bati la depo, mimi, mwanamke mgeni kabisa, na Papa Kalist, tukitazama maji yakishuka kutoka juu na kuondoka na mistari aliyoichora jana yake. Nilikuwa nimevaa kombinezo mpya ya kazi, imepigwa pasi. Nikamuuliza:

"Papa, sasa leo tutafanya nini?"

Akanijibu bila kugeuka: "Tunaangalia vile kazi yetu iko inaenda ku ziwa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mliobaki na brashi na kamba, kwa sababu mara nyingi mnaniuliza mambo ya zamani tukiwa kando ya barabara, na kando ya barabara lori moja likipita hadithi inakatika. Vyeo sitavigusa, vilikuwa vichache. Mshahara mnaujua. Nitaandika Kiswahili nilichofundishwa shuleni, lakini watu nitawaacha waseme vile wanavyosema.

Papa Kalist alikuwa mrefu, mkavu, na goti lake moja lililia kila alipochutama, hata tukawa tunajua ameanza kazi kabla ya kumwona. Zamani alikuwa akiandika majina kwenye milango ya maduka. Mistari ilimjia uzeeni. Yeye ndiye aliyenionyesha kamba: unaipaka chaki, mmoja anashika huku, mwingine kule, mnaivuta mpaka inalia, halafu unaiinua katikati na kuiachia. Inapiga chini, inaacha alama. Kwenye barabara za Bukavu, ambazo hazijawahi kunyooka kwa urefu wa kanisa, unaipiga kipande kidogo kidogo. Aliniambia: "Usifuate barabara, utalewa. Fuata macho ya mutu wa volan, ya dereva."

Alinifundisha kufagia mara mbili kabla ya kupaka, kwa sababu rangi inayoshika vumbi itaondoka na vumbi. Alinifundisha kutoipenda tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, maana ukizidisha rangi inakuwa maziwa. Na alinifundisha kwamba kila mara mmoja apake na mwingine aangalie magari, na yule anayeangalia magari asiangalie rangi kamwe, hata kama mwenzake anachora kama mlevi. Niliangalia magari miaka mitatu kabla hajanipa brashi. Nilijifunza sura za madereva wote wa Bagira. Wengine walinitukana kila asubuhi kwa uaminifu mkubwa, na mmoja wao alipougua nilimkumbuka.

Mtaona kwamba kazi hii ina jambo moja gumu, nalo si rangi. Ni kwamba alama haisemi kwa mdomo. Wewe unachora jambo moja, watu wanasoma lingine, na hakuna anayekuja kuuliza. Tulipochora michirizi myeupe ya kuvukia mbele ya soko la Kadutu, tulirudi kesho yake tukakuta kila mchirizi una mama mmoja na nyanya zake. Michirizi ilikuwa safi, inalingana kwa upana, na katika nafasi nyeusi zilizobaki watu walipita vizuri kabisa.

"Maman, hapa ni pa batu kuvuka," nilimwambia wa kwanza.

"Si hawa banavuka?" akanijibu. "Angalia. Banavuka na nyanya yabo."

Na ni kweli magari yalisimama. Hakuna dereva mwenye akili atakayekanyaga nyanya za mama wa Kadutu. Tuliwaacha. Papa Kalist alisema kazi imekubaliwa.

Lakini niwaambie ya kinga, kwa kuwa hiyo ndiyo mnayoniuliza zaidi, na kila mtu anaisimulia vibaya.

Kinga zetu, wengine wanaziita baiskeli, si za matembezi. Zinashuka mjini kutoka Mudaka zikiwa zimebeba mashu, ndiyo kabichi, magunia ya makala, ndiyo makaa, mbao, madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, wakati mwingine kitanda. Mtu anakaa mbele kidogo sana, kama mgeni kwenye mzigo wake mwenyewe. Breki ni soli ya kiatu. Barabara ni nyembamba, kingo zake zimeliwa na mvua, na magari yalikuwa yakiwapigia honi watu hao hadi wanasogea, wanasogea, wanaingia mfereji. Walikuwa wakiumia. Wengine hawakurudi kwao. Kila mmoja wetu aliyefanya kazi kwenye barabara ile ameshawahi kusaidia kuokota makala ya mtu na kumwokota mwenyewe.

Basi siku moja Injinia Deo, aliyekuwa akitusimamia, alikuja depo na bati kubwa lililokatwa umbo. Alikuwa kijana bado, mwenye adabu, hakuwahi kutupandishia sauti. Kwenye bati palikuwa na kinga, na juu ya kinga palikuwa na vichwa viwili vya mshale, kimoja juu ya kingine.

"Hatuna nafasi ya kutengenezea kinga njia yabo peke yabo," alitueleza. "Donc tunachora hii katikati ya njia ya magari. Dereva akiona, anajua kinga iko na haki ya kupita hapa, anakaa nyuma yake. Na mwenye kinga akiona, anajua asijifiche ku mufereji. Apite katikati. Bagawane njia."

Nilielewa mara moja. Papa Kalist naye alielewa mara moja. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba kuelewa kwetu hakukusaidia kitu.

Tulianza na ile kona mbaya iliyo chini ya Bagira. Bati la namna hiyo, kwa wale ambao hamjalishika, mnaliweka chini, mnalikandamiza kwa mawe, mnapaka kwa rola ya sponji na si kwa brashi, maana brashi inasukuma rangi chini ya bati. Halafu watu wawili wanalinyanyua wima, kwa pamoja, bila kucheka. Ilitoka vizuri sana. Kinga nyeupe kwenye lami nyeusi, na mishale yake miwili juu. Watu walikuwa wamesimama kutazama, na mmoja wao, mzee aliyekuwa akivuta mbuzi, akauliza:

"Na mwenye kinga eko wapi?"

Papa Kalist alikuwa amechutama, anafuta tone la rangi. Akasema tu: "Hayuko."

Yule mzee akavua kofia.

"Pole sana," akatuambia.

"Aksanti, papa," nikamjibu, kwa sababu mtu akikukuta juani na rola mkononi anakupa pole ya kazi, na wewe unashukuru. Watu wengine nao wakatupa pole, mmoja mmoja. Nikawaza: leo watu wa Bagira wana heshima.

Kesho yake asubuhi tulikuta maua. Kulikuwa na mshumaa ndani ya kopo la tomate, na mtu alikuwa ameizungushia kinga yetu mawe madogo, kwa usafi. Konvoyeri mmoja, wale wanaopokea nauli kwenye minibisi, ndiye aliyetueleza kila kitu akiwa amening'inia mlangoni: hapa mtu wa kinga aligongwa akafa, na serikali imeanza kuandika mahali watu wa kinga wanapofia.

"Na ile mishale?" nilimuuliza.

"Ile ni roho, Maman. Iko inapanda."

Injinia Deo alifika saa hiyohiyo na akasimama kando ya barabara kupima kazi. Magari yalikuwa yakija kwenye kona kwa mwendo wa kinyonga. Uso wake uling'aa.

"Munaona? Bameelewa!"

"Injinia," nikamwambia, "angalia ule wa taksi. Anafanya alama ya musalaba."

Akaangalia. Baada ya taksi ikaja minibisi nzima iliyonyamaza, redio imezimwa. Motari, pikipiki za abiria, zilizunguka alama kwa mbali, kama mtu anavyozunguka kisima kisichofunikwa. Na wenye kinga, ambao kwa ajili yao tulikuwa tumechora, walishuka mmoja baada ya mwingine, wakaingia mferejini na mizigo yao na kupita kwa miguu, vichwa vimeinama. Injinia Deo alikaa kwenye jiwe. Alisema tuendelee na kona zinazofuata, watu watazoea.

Tulikuwa kwenye kona ya tatu wakati Maman Nsimire alipokuja.

Alikuja kwa miguu kutoka Mudaka, na nyuma yake shemeji zake wawili na majirani. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya, vile wajane wananyolewa, bado kinang'aa. Alilitazama bati letu, akatazama rangi, kisha akanichagua mimi.

"Ni nyinyi munaandikaka bafu, batu benye balikufa?"

"Apana, Maman. Sisi tunachora barabara."

"Ni nyinyi muliandika bwana yangu ku kona ya Bagira. Sikuje kugombana. Nataka munionyeshe tu kwenye mulimuweka."

Tulimkalisha. Habari yake ikatoka polepole. Mume wake, Bisimwa, alikuwa ameondoka na mashu kwenda mjini na hakurudi. Simu yake haikuita. Jirani aliyepita kwenye kona ile aliona mashu yametapakaa mferejini. Na jirani mwingine, aliyepita kesho yake, akakuta kinga imechorwa palepale, na watu wamesimama wamevua kofia. Walimtafuta hospitalini, hawakumkuta. Walikwenda kwa polisi.

"Polisi banasema habajue kitu," akasema. "Mais nyinyi munajua, juu muliandika."

"Maman," Papa Kalist akajaribu, "hii ni kinga ya bati. Haiko kinga ya mutu."

"Iko hata na gido yake," akasema, akionyesha usukani kwenye bati. "Naijua ile gido."

"Kinga yote iko na gido, Maman."

Mmoja wa shemeji akaingilia kati akiwa na hasira ya mtu ambaye hajalala. Alisema kilio kimeanza nyumbani, watu wamekuja hadi kutoka kwa wakwe, sanduku la maiti limekwisha kununuliwa Kadutu na limeletwa, liko sebuleni juu ya viti. Limeandikwa jina.

"Na iko tupu," akasema Nsimire. Hakupandisha sauti. "Kila mutu anaingia, anaangalia, ananiuliza tutazika nini. Nitazika rangi?"

Injinia Deo alikuwa amefika katikati ya maneno hayo, akavua helmeti yake na kuishika tumboni. Nilimwona anatafuta Kifaransa cha kusema, asikipate. Mwishoni alisema: "Mufunike ndoo ya rangi. Tumutafute."

Nilikaa na Nsimire kwenye ukingo wa mfereji, nikamweleza ile alama inasema nini hasa. Kwamba si kaburi. Kwamba inamwambia dereva akae nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akinitazama mdomo.

"Kwa hiyo hajakufa?"

Ningependa kuwaandikia kwamba nilimpa matumaini. Nilimwambia: "Sijue, Maman. Rangi nayo haijue." Lakini mashu yalikuwa yameonekana mferejini na kinga haikuonekana. Nikamuuliza: mtu wa kinga akigongwa na bado anapumua, anakimbilia nini kwanza, mkono wake au kinga yake?

Nsimire hakufikiri. "Kinga yake. Ule muntu? Kinga yake."

Tulipanda pikipiki, yeye na mimi na dereva, tukaenda Kadutu kwa mafundi wa kinga. Wanakaa chini kidogo ya soko, kwenye mteremko, kila mmoja na beseni lake la maji ya kutafutia tundu. Tuliuliza wa kwanza, hakujua. Tulimuuliza wa pili kama ameona mtu wa mashu kutoka Mudaka, aliyeumia.

"Wa kelele mingi?"

"Njo yeye," akakubali Nsimire.

"Eko pale. Mumuondoshe."

Alikuwa ameketi juu ya dumu lililopinduliwa, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa hadi shingoni, anabishana na fundi kuhusu rimu. Alikuwa akisema rimu ile haiwezi kunyooka, na fundi alikuwa akisema imekwisha kunyooka, ni macho yake yaliyopinda tangu alipoanguka. Nsimire alisimama mbele yake. Nilitegemea mayowe.

Bisimwa akainua macho, akamwona mkewe, akaona kile kichwa kilichonyolewa. Akasimama kwa hofu.

"Nani alikufa?"

"Ni weye," akasema Nsimire.

Akafikiri kidogo.

"Lini?"

Nsimire akaketi chini, palepale kwenye grisi, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, na wanawake wa soko wakaja kumshika. Bisimwa alizunguka na mkono wake mmoja hajui aanzie wapi. Alimgusa kichwa. Akamuuliza: "Basi bakakunyoa yote?" Fundi aliinamisha uso wake kwenye beseni la maji, akawa anatafuta tundu ambalo halikuwapo.

Kumbe kioo cha minibisi kilikuwa kimempiga kwenye kiwiko, palepale konani, siku moja kabla hatujafika na bati letu. Alikwenda mferejini na mashu yote, simu ikavunjika chini yake. Aliikokota kinga mpaka Kadutu, akalala kwa binamu yake akingojea rimu. Habari alikuwa ametuma nyumbani kupitia konvoyeri mmoja, ambaye labda hadi leo anaibeba.

Ya kurudi kwake Mudaka sikuyaona, aliniambia Nsimire. Yeye alitangulia ili watu wasife kwa mshtuko, lakini wachache walikimbia hata hivyo. Wapishi waliuliza kama wazime moto. Wakaambiwa wamalizie, chakula kimekwisha kununuliwa. Na mjomba wa Bisimwa, aliyekuwa ametayarisha maneno ya mazishi kwa siku nzima, alikataa yaharibike. Aliyasema yote, amesimama kando ya sanduku, huku Bisimwa ameketi mbele na sahani yake anasikiliza jinsi alivyokuwa mtu mwema, mchapakazi, asiyependa ugomvi. Hapo, Nsimire alisema, watu wengi walitazama chini. Bisimwa ndiye aliyelia.

Lakini sanduku lilibaki. Nsimire hakutaka kulala nalo nyumba moja, na hakuna jirani aliyetaka kuhifadhi kitu kama hicho. Mkono ulipopona, Bisimwa alilifunga kwenye kinga yake kwa mipira, kama anavyofunga mbao, akashuka nalo kulirudisha kwa seremala wa Kadutu.

Asubuhi hiyo sisi tulikuwa kwenye kona ya Bagira na brashi za chuma na tina, maana Injinia Deo alikuwa amepewa amri ya kufuta. Fujo ya wafu ilikuwa imefika kwa wakubwa. Tulikuwa ndiyo kwanza tunaweka matawi barabarani kuzuia magari, Bisimwa akatokea. Nilimjua kabla ya kuona uso, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuja na sanduku la namna ile. Alishuka, akaisogelea alama. Aliitazama vile mtu anavyotazama picha yake ya kitambulisho.

"Ni hii njo mimi?"

"Batu banasema hivyo, papa," nikamjibu.

"Na kweli kweli inasema nini?"

"Inasema kinga ipite hapa. Katikati."

"Katikati ya barabara?"

"Katikati."

"Na magari?"

"Nyuma."

Alitazama mfereji wake. Mashu kadhaa yalikuwa bado yanaoza mle. Akatazama barabara ikishuka kuelekea mjini.

"Basi musifute kwanza," akasema. "Nijaribu."

Injinia Deo alinitazama, mimi nikamtazama Papa Kalist, na Papa Kalist akaanza kuondoa matawi. Bisimwa akapanda. Akapita juu ya kinga yetu, katikati kabisa, mbele ya macho ya wote, na sanduku lake nyuma, jina lake limeandikwa ubavuni kwa rangi ya dhahabu. Aliyekuja nyuma yake alikuwa dereva wa minibisi ninayemjua, mmoja wa wale walionitukana miaka mingi. Nilimwona anainua mkono kwenye honi. Akaona sanduku. Mkono ukashuka, ukawasha taa.

Nyuma ya minibisi likaja lori la mchanga, nalo likawasha taa. Kisha taksi, kisha gari la shirika fulani, kisha taksi nyingine. Hakuna aliyepita mbele. Nani atamwovateki marehemu? Sisi tulipanda pikapu yetu kufuata, na kabla hatujafika mbali tulikuwa tumo ndani ya msafara wa magari ambao sikuona mwisho wake, nyuma wala mbele, unakwenda kwa mwendo wa kinga moja yenye rimu iliyonyooshwa. Motari zilizima honi. Watu kando ya barabara walisimama. Askari wa trafiki kwenye njia panda aliwazuia wengine wote akapiga saluti, na Bisimwa, ambaye hajawahi kupigiwa saluti, akamwitikia kwa kichwa kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Mama mmoja alisogea kwenye dirisha letu. "Nani alikufa, Papa?"

"Ni ule anaendesha," akajibu Papa Kalist, na akaendelea kutazama mbele.

Injinia Deo alikuwa kati yetu, helmeti magotini. Hakucheka hata kidogo. Alikuwa akisema polepole, kama mtu anayesali: "Inafanya kazi. Inafanya kazi."

Seremala wa Kadutu alikataa kulipokea sanduku. Alisema sanduku likishaingia kwenye kilio halirudi kwenye bidhaa, kila duka lina sheria hiyo.

"Mais mufu ni mimi," Bisimwa akamwambia, "na sikulala mule ndani."

"Hiyo mutapatana na familia yako."

Walibishana sana, na watu walijaa, wengi wao kutoka ule msafara, kwa maana walikuwa wameegesha wapate kuona maziko. Mwishowe Papa Kalist alilizunguka sanduku, akalipima kwa mkono, akafungua kifuniko, akakifunga. Akasema bati linaingia. Na kamba. Na mafagio yote, bila kukunja kitu. Ndivyo brigedi yetu ya rangi ilivyopata sanduku la vifaa, ambalo sasa mmepewa ninyi. Msiliogope. Bawaba zake ni nzuri kuliko za mlango wa depo.

Amri ya kufuta haikurudiwa. Injinia Deo alikata bati jipya lenye mtu juu ya kinga, kichwa cha mtu huyo kilichorwa na Papa Kalist, na ndiyo maana kina masikio makubwa. Tulipoipaka ile kona ya kwanza upya, watu wa Bagira walisema amefufuka, na kwaya moja ilikuja Jumapili. Lakini watu wa Mudaka walikuwa wamemwona mwenzao akipita katikati na magari nyuma yake, na hilo halikuhitaji kuelezwa. Walianza mmoja mmoja, wenye makala, kisha wa kasiksi. Madereva walinung'unika, wakakaa nyuma. Wengine kwa sababu ya sheria. Wengi, naamini, kwa sababu huwezi kujua.

Papa Kalist alipumzika miaka michache baada ya hapo, goti lake likikataa kabisa, na kamba akaniachia mimi. Yupo, anaishi kwa binti yake, na anasema mistari yenu ya sasa ni minene.

Mimi mwenyewe nimepumzika mwaka huu. Juma lililopita nilikuwa nashuka kwa miguu kutoka Bagira, na Bisimwa akanipita na mashu yake, katikati ya njia, lori linamfuata taratibu kama ng'ombe. Aliponiona alisimama palepale. Lori nalo likasimama. Alinisalimia vizuri, akaniambia nywele za Nsimire zimefika mabegani, akanichagulia shu moja kubwa kutoka juu ya mzigo. Nikamuuliza kiwiko chake.

Alikikunja, akakinyoosha, anionyeshe.

"Maman," akasema, "tangu nilikufa, hakuna gari ingine imenigusa."